Lenzi ya Watu wa Pembeni

Wapiga picha wengi wa Musoma hupanga picha ya pamoja kuanzia katikati. Humweka bibi harusi, humweka bwana, huwaita wazazi, kisha waliobaki hujisukuma wenyewe huku na huku mpaka fremu ijae. Fundi alianzia pembeni. "Wa pembeni kwanza!" alipaza sauti, na bibi harusi akabaki amesimama juani na gauni lake, jasho linamtoka, huku Fundi akizunguka nyuma ya ukumbi kuwatoa wapishi kwenye masufuria. Aliwataka wapishi, dereva wa gari la kukodi, mlinzi wa geti, na yule shangazi ambaye kila ukoo unaye, anayekaa peke yake karibu na mlango akiwa na mtoto wa mtu mwingine mapajani. Hao ndio aliowasimamisha kwanza, kushoto na kulia, akawakagua sura mmoja mmoja, ndipo akawageukia wenye shughuli na kuwaambia haya, sasa na nyinyi ingieni hapo katikati. Wenye shughuli walikasirika, na wengine hawakumwita tena.

Duka langu la stationery na studio yake vilitenganishwa na ukuta mmoja. Mimi ndiye niliyemchapia picha kwa miaka yote ile, kwa hiyo nilizijua kazi zake kuliko alivyozijua mkewe, Mungu amrehemu, ambaye hakupenda kuziangalia. Mtaa mzima tulimwita Fundi. Nami nitamwita hivyo hivyo, jina lake abaki nalo mwenyewe.

Nisiwazungushe. Fundi alikuwa anatafuta lenzi. Uwezo wake ulikuwa wa lenzi moja, na akikosea hiyo moja basi, hakuna nyingine. Alitaka lenzi inayomwona mtu wa pembeni sawasawa na inavyomwona mtu wa katikati. Wenzake walidhani ni wazimu wa ufundi, maana fundi akikaa sana na kazi yake huota vipembe. Mimi nilijua haukuwa wazimu.

Huku kwetu mtu akifa, kinachotafutwa mara baada ya mbao za jeneza ni picha. Lazima iwepo picha kubwa yenye fremu, mjukuu mmoja aishike mbele ya jeneza, wote wanaolia wamwone marehemu alivyokuwa. Hapo ndipo familia hugundua kwamba marehemu hana picha. Wanakuja dukani kwangu macho mekundu, wananipa kitambulisho cha kura kilichochubuka, au simu yenye picha ya harusi ya jirani. Wananionyesha kichwa kimoja kule mwisho wa mstari, kikubwa kama punje ya mtama, wanasema, "Huyu. Tukuzie huyu."

"Wa katikati wana picha mpaka za kutupa," Fundi alipenda kusema. "Wa pembeni ndio wanakufaga bila picha."

Kwa hiyo kila shughuli ilipokwisha, yeye aliketi kwenye kompyuta yake akawakata watu wa pembeni, sura moja moja, akaziweka. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Msiba ulipotokea, mara nyingi alikuwa na sura tayari. Akawafuata wafiwa nyumbani, akaketi nao kwenye mkeka, akawaonyesha kwa sauti ya chini sana: ni hii, au tumtafute kwenye nyingine? Nimeona wanaume wazima wakimshika mkono wasitake kuuachia.

Lakini watu ni watu. Neno likaenea kwamba Fundi akikupiga picha, anakuandalia msiba. "Fundi anatupimia sanda," walisema, wakicheka, ila wengine hawakuwa wanacheka. Kwenye sherehe moja Bunda mama mmoja alimfukuza na mwiko wa pilau. Upande wa pili alikuwepo bibi mmoja wa Butiama aliyekuja Musoma kila mwaka baada ya mavuno, anapita kwa Fundi kukagua picha yake ya msiba kama watu wanavyokagua mbegu.

"Hii ya mwaka jana nilikuwaga nimekonda," alilalamika bibi. "Watasema watoto hawanilishi. Piga nyingine."

"Shikamoo, bibi. Kaa hapo. Usicheke sana."

"Nisicheke kwa nini? Si nitakuwa nimepumzika?"

Fundi alimpiga nyingine, na bibi akamwachia kuku. Yule bibi, nadhani, ndiye mtu pekee niliyewahi kuona akimchekesha Fundi mpaka akavua miwani.

Maana hakuwa mtu wa kucheka. Tena alikuwa bahili. Sukari aliipima kwa ncha ya kijiko, betri yake ya kamera hakumwazima mtu hata mtu huyo akilia. Maharusi aliwafokea, na viongozi wenye suti aliwaambia wasogee, wanaziba watu. Aliswali swala zake zote pale nyuma ya pazia la studio, na bado nyimbo za misa alizijua kuliko mimi niliyebatizwa, kwa sababu alikuwa amesimama makanisani na kamera miaka mingi. Jumamosi moja nilimsikia akiimba wimbo wa maingilio huku akifuta vumbi. Nikamtania kwamba padri anamsubiri. Akaninyamazia siku mbili.

Na alikuwa na adabu moja ya kazi, ambayo wapiga picha wa zamani wote wa huku walikuwa nayo. Watu wako mwenyewe hawakai katikati ya picha ya mteja. Ukienda na mkeo kwenye harusi, au na mwanao, nao wakaitwa waingie kwenye picha kwa sababu ni majirani, basi unawapeleka mwisho kabisa wa mstari. Mteja amelipia katikati. Ni heshima, na mimi sikuwahi kuifikiria vibaya mpaka binti yake alipokufa.

Binti yake alikuwa mtoto wake pekee. Alikuwa anakuja dukani kwangu kila asubuhi kuazima kalamu, na kalamu hazikurudi. Alipokua akawa mama lishe, akaenda kufungua kibanda cha chakula Rukuba, kule kisiwani kwenye kambi za wavuvi. Fundi hakutaka. Alisema wavuvi hula leo na kulipa wakikumbuka. Binti akamjibu kwamba maiti wa baba nao hawalipi, na nyumba nzima ikacheka isipokuwa baba. Alienda, akafanikiwa, akawa anatuma samaki waliokaushwa, sato na furu, na Fundi alikula huku akinung'unika.

Homa ilimkamata huko huko. Ziwa lilikuwa limechafuka, mitumbwi ikakataa kuvuka, na walipomfikisha mwaloni Musoma, pale mitumbwi inapotia nanga, alikuwa ameshanyamaza. Sitaki kulisema sana hilo.

Jioni ile Fundi alikuja dukani. Alikuwa amepitia picha zake zote, sura za watu wa Musoma, Bunda na Butiama kwa maelfu, na mwanawe alimkuta mahali pachache tu, kila mahali mwisho wa mstari. Peke yake hakuwahi kumpiga, maana mtu wa nyumbani unasema utampiga kesho. Iliyo bora ilikuwa ya harusi ya ndugu yao pale Bunda, ukumbini. Fundi mwenyewe ndiye aliyeipiga, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia, sogea mwisho mwanangu. Lenzi yake ilikuwa ile iliyokuja na kamera, ya plastiki, ambayo katikati inaona vizuri lakini pembeni inavuta watu kama rangi mbichi iliyoguswa na kidole. Ukumbini mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo alikuwa ameifungua mpaka mwisho, na lenzi kama ile ukiifungua mpaka mwisho pembeni ndipo inapoharibika zaidi.

Nilijaribu kuikuza. Kadiri nilivyoikuza ndivyo alivyozidi kuondoka. Mwishowe palibaki kivuli cha kahawia chenye kitambaa cha kichwa. Fundi alisimama nyuma ya kiti changu, sikumtazama. Akasema, "Ichape ndogo. Ikiwa ndogo haionekani sana." Niliichapa ndogo. Mtoto aliyeishika mbele ya jeneza aliishika kwa mkono mmoja, na watu wa nyuma walikuwa wanaulizana ni picha ya nani. Mpaka leo nikiikumbuka fremu ile ndogo, roho inaniuma.

Basi hiyo ndiyo sababu ya lenzi. Hakuna hata siku moja aliyosema, na hakuna hata siku moja niliyomuuliza.

Kuweka akiba kulimchukua muda mrefu, na wakati huo huo kazi zilikuwa zinapungua. Simu zilikuwa zimeingia kila mfuko. Kilichobaki kwa mpiga picha mwenye kamera ni kile ambacho simu ilikuwa haijakiweza vizuri: ile picha ambayo bibi harusi anaonekana peke yake, na nyuma yake dunia yote imeyeyuka kuwa rangi laini. Mabinti walikuja studio na simu zao wakimwonyesha Fundi picha kama hizo. "Nataka hivi, babu. Nyuma kusionekane." Kwa kazi hiyo ipo lenzi inayojulikana, fupi, nyepesi, mafundi wanaiita hamsini. Inameza mwanga vizuri na bei yake si ya kutisha. Kila aliyeulizwa alimwambia Fundi anunue hamsini. Mimi nilimwambia mara nyingi kuliko wote, kwa sababu harusi zikirudi kwake, uchapaji unarudi kwangu. Sioni aibu kulisema.

Fundi hakumkatalia mtu. Alijaribu kila lenzi aliyoweza kuazima. Alibandika ukurasa wa gazeti ukutani kwake, akaupiga picha, akaja kwenye kompyuta yangu na kadi, akafungua picha na kwenda moja kwa moja kwenye kona. Katikati hakuangalia kabisa. "Katikati hata lenzi mbovu inaona," alisema. Akasoma herufi za konani kwa sauti, na pale zilipoanza kuyeyuka akanyamaza, akaitoa kadi, akaondoka. Nilipata kujua habari nyingi za zamani kwa kusomewa kona za gazeti lile.

Alijaribu lenzi ndefu ya kuvuta, ile ambayo ukiwa Bunda unaona kope za mtu wa Butiama. Konani ilikuwa mbovu kuliko ya zamani. Alielezwa kwamba hata ile ya plastiki, ukiibana tundu lake liwe dogo, pembeni panatulia. Alilijua hilo tangu zamani. Juani, sawa. Lakini shughuli zetu ziko ukumbini na kanisani, taa mbili na madirisha yamezibwa na mapazia ya waridi. Ukibana tundu unapata giza, na ukiwasha flashi, wa katikati wanameremeta na wa pembeni wanabaki gizani kama kawaida yao.

Hatimaye aliazima hamsini kwa rafiki yake akaenda nayo kwenye harusi ya Butiama. Aliporudi nikafungua kadi, na jamani, nilishika mdomo. Bibi harusi alikuwa mzuri kupita alivyozaliwa. Kila unywele uko mahali pake, shanga za shingoni unaweza kuzihesabu, na nyuma yake hakuna ng'ombe, hakuna viti vya plastiki, hakuna ukuta usiopigwa lipu, ni rangi tu inayoelea.

"Fundi," nikasema, "nunua hii. Nunua hii tule wote."

Akainama, akaweka kidole kwenye doa la njano lililokuwa nyuma ya bega la bibi harusi.

"Huyu ni nani?"

"Sijui. Ni mtu."

"Ni dada yake. Alimshikia gauni kutwa nzima lisiguse mavi ya ng'ombe. Mama Neema, huyu dada nimtafute wapi siku akitafutwa?"

"Kwani lazima afe, Fundi?"

"Nani asiyekufa?"

Tulikasirikiana. Nilimwambia kwamba wafu hawalipi kodi ya chumba, na nilipoona uso wake nikajua nani alimwambia maneno yanayofanana na hayo kabla yangu. Lakini pia hamsini, alisema baadaye akiwa ametulia, ilikuwa na tatizo jingine. Kwenye kamera ndogo kama yake inaona finyu mno. Ukitaka ukoo mzima uingie, unarudi nyuma na kurudi nyuma mpaka unatoka nje ya ukumbi na kupiga picha ya mlango.

Lenzi yake aliipata Bunda, kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vilivyotumika. Ilikuwa ndani ya boksi la chaja mbovu. Ilikuwa nzito, ya chuma, ya zamani zile za filamu, haivuti, haijilengi yenyewe, unaizungusha kwa mkono mpaka macho yako yakubali. Hakuna aliyeitaka. Fundi alimulika tochi ya simu ndani yake kutafuta kuvu, maana kwetu huku karibu na ziwa kuvu huingia ndani ya kioo ikatandaza nyuzi zake, na hapo lenzi imekwisha. Haikuwa na kuvu. Akaifunga kwenye kamera kwa kipete cha kuunganishia, akapiga picha ukuta wa matofali ng'ambo ya barabara, na bila kubishana bei akalipa. Fundi, bila kubishana bei. Yule jamaa, nilivyosikia, alidhani ameibiwa.

Alinieleza siri yake huku akila kwangu, kwa hiyo alinieleza kwa sahani. "Hii ilitengenezwa kwa kamera ya filamu, sahani kubwa. Pembeni mwa sahani ugali umepoa, ni kweli, kila lenzi iko hivyo. Ila kamera yangu ina sahani ndogo. Naweka sahani ndogo juu ya ile kubwa, nakula pale katikati tu. Pembeni mwangu mimi bado ni moto." Na kwa sababu watu wa picha ya pamoja wamesimama, hawakimbii, kulenga kwa mkono hakumsumbui.

Ya kwanza alitupiga sisi mtaani. Alitupanga mbele ya maduka, wa pembeni kwanza, na mwisho kabisa wa mstari akamweka mke wa muuza samaki aliyekuja na kisu mkononi. Tukaifungua kwenye kompyuta yangu. Nikamkuza yule mama, nikamkuza tena, na tena. Jasho lilikuwa kwenye mdomo wa juu. Magamba ya samaki yalikuwa kwenye kiganja, unaona moja moja. Alikuwa anatutazama kama amesimama pale dukani.

Nilitaka kumpongeza Fundi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ingekuwepo wakati ule," akasema.

Akakusanya kadi yake akaenda kuswali, na mimi nikabaki nalia mbele ya mke wa muuza samaki, ambaye alikuwa hai na mzima na sauti yake ilikuwa inasikika nje akigombana na mteja.

Mambo yaliyofuata nilikuwa nimeyatabiri, na sikufurahi kuwa sahihi. Bibi harusi akiingia ukumbini anacheza, lenzi ya kuzungusha kwa mkono haimkamati. Kila mguu aliouinua ulitoka na ukungu. Na akisimama, nyuma yake kulionekana kila kitu. Kuna familia ya Bunda iliyorudisha albamu kwa sababu kwenye picha kubwa ya maharusi ilionekana ngazi ya fundi umeme na jamaa mmoja anayechokonoa meno. Mama wa bibi harusi aliitupa mezani kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyechokonoa.

Fundi aliitazama. "Huyu mwenye meno ni mjomba wenu wa Rukuba," akasema kwa upole. "Hajawahi kupigwa picha nyingine. Tunzeni."

Hawakutunza. Harusi zilikwisha moja moja, zikabaki picha za paspoti, na hizo nazo mwenye simu akijua anajipiga mwenyewe. Mkewe alipofariki, na yeye pumzi zikaanza kumsumbua, chumba akakiachia kinyozi, akaenda kukaa Kisorya, pale kwenye kivuko cha Ukerewe, kwa dada yake. Zile sura aliniachia mimi. Bado watu wanakuja, mara kwa mara, macho mekundu, nami nawatafutia. Nikimpata aliyepigwa kwa lenzi ile ya chuma namjua hata kabla sijamkuza. Na nikimpata wa zamani, wa lenzi ya plastiki, nawaambia mapema wasitegemee sana.

Nilimwona mwaka huu. Nilikuwa nakwenda Ukerewe kuwasalimia wakwe, kivuko kikachelewa upande wa pili, nikaulizia nyumba ya dada yake. Haikuwa mbali. Nilimkuta sebuleni kwenye kochi, amekuwa mdogo, shingo imebaki peke yake ndani ya kanzu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Neema. Umenenepa. Biashara nzuri au ni huzuni?"

"Ni chapati."

Alicheka, akakohoa, na nilipokuwa nangoja kikohozi kiishe ndipo nikaona picha ukutani. Ilikuwa kubwa, yenye fremu ya dhahabu, ya binti mmoja anayekutazama sawia. Ilikuwa safi ajabu. Kope, midomo, ngozi, vyote viko wazi, hakuna doa. Nikafikiri ni mjukuu wa dada, nikataka kumsifia.

Dada mtu alitangulia. "Si umemtambua?" akasema, amejaa furaha. "Mwanangu, yule mwalimu, alimsafisha kwa simu. Unaiwekaga tu picha ya ukungu, yenyewe inamtoa mtu. Ile ile ya harusi ya Bunda. Miaka yote hii ndugu yangu amehangaika na malenzi, kumbe ni dakika moja!" Kisha akaenda kuinjika chai.

Fundi alisubiri mpaka sufuria ikagonga jikoni.

"Mama Neema," akasema, chini chini, sauti ile ile aliyowasemeshea wafiwa kwenye mkeka. "Wewe ulimjua. Alikuwa anakuja dukani kwako kila siku. Ni yeye huyo?"

Nikasimama, nikasogea. Kitambaa cha kichwa kilikuwa chake. Shingo ilivyoinama ilikuwa yake. Lakini uso, Mungu wangu, uso ulikuwa wa binti yeyote, mzuri, meno yamepangwa kama ya kununua, macho mawili sawa. Ulikuwa umetungwa. Nilijua kwamba nyumba nzima imeshaupenda, kwamba dada mtu yuko jikoni na furaha yake, kwamba mzee huyu hana mwaka mwingi. "Ndiyo" ingekuwa rahisi sana. Mtu yeyote mwenye adabu angesema ndiyo.

"Hapana, Fundi," nikasema. "Siyo yeye."

Akafumba macho. Nilidhani nimemuua.

"Alhamdulillahi," akasema. Machozi yalikuwa yanashuka na wala hakuyafuta. "Nimekaa chini ya hiyo picha tangu mfungo. Kila anayeingia anasema ni yeye, ni yeye. Mimi naangalia, namtafuta simwoni. Nikasema basi, nimemsahau mwanangu. Lenzi haikumpata, na mimi nimempoteza."

Nikaketi kando yake kwenye kochi, picha ikawa juu ya vichwa vyetu.

"Mwanya," akasema. "Ulikuwa juu, au chini?"

"Juu."

"Juu," akarudia. "Na akicheka alikuwa anafumbaga jicho."

"La kulia."

"La kulia. Lile lilikuwa dogo. La mama yake." Akainua mkono, akagusa hewa mbele yake, pale ambapo jicho lingekuwa. "Na sikio hili limetoka mbele kidogo."

"Ndiyo maana alipenda kujifunga kitambaa."

"Ndiyo maana," akasema.

Dada mtu alikuja na sinia la chai, akasimama mlangoni akitusikiliza. Nilimwona akiitazama picha yake ukutani, akatutazama sisi, furaha ikamtoka taratibu usoni. Nilifikiri atakasirika. Akaweka sinia chini sakafuni, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akagusa nyusi yake mwenyewe.

"Na kovu hapa," akasema. "Alianguka kwangu. Kwenye jiwe la kusagia."

"Kovu," akasema Fundi. "Endelea."

Kivuko kilipiga honi, na sisi tulikuwa hatujafika kwenye kidevu.